Jirani Aliyekataa Mashine Yake Itetemeke

Niseme mapema ili tusisumbuane: jirani yangu wa mtaa wa Shanwe, Mpanda, alikuwa mkorofi. Sitamsafisha. Wanaopenda habari za wazee wapole wanaotabasamu muda wote watafute kwingine. Huyu alibishana na fundi umeme, akabishana na mchungaji wake, akabishana hata na redio. Lakini kuna watu Mpanda mpaka leo wanasema mashine yake ilikuwa ya kuchezea watoto, na kwamba anamaliza uzee wake akiipapasa bure. Hao ndio walionipandisha hasira nikashika kalamu. Nilikaa naye ukuta kwa ukuta miaka mingi, na nataka nimseme mimi.

Yeye alikuwa na mashine na mimi nilikuwa na mashine. Yangu ilisaga mahindi. Yake ilichonga chuma. Juu kuna kisu kinachozunguka, chini kuna meza ya chuma unayobania kitu chako, halafu unazungusha mkono wa meza na kile kitu kinapita kwenye kisu taratibu. Kinatoka kimenyooka, au kina mfereji, au kina tundu pale pale ulipotaka. Mashine za namna hiyo kwenye karakana kubwa huwa ndefu kuliko mtu. Yake ungeweza kuiweka juu ya meza ya chakula. Aliileta kwa treni kutoka Tabora ikiwa imeviringishwa magunia, na siku ya kuishusha vijana wa stesheni walimuuliza kama ni cherehani. Akawajibu kwamba ndiyo, na kazi yake ni kushona midomo.

Mimi aliniita Mama Unga. Mimi nilimwita Jirani tu, na mtaa ukanifuata.

Sasa shida yetu Mpanda, kama hujakaa huko, ni hii. Chuma kikiharibika, cha pampu, cha trekta, cha mashine ya kukoboa, unaambiwa kipeleke Mbeya. Kama siyo Mbeya basi Mwanza. Unakifunga kwenye mfuko, unakikabidhi kwa kondakta, unakaa unasubiri huku wateja wanahamia kwa mwingine. Tumezoea hivyo mpaka tunaona ndivyo Mungu alivyopanga. Jirani hakukubali. Alitaka chuma cha Mpanda kichongwe Mpanda, kwa mkono wake, kwenye mashine ile ile iliyokuwa inachekwa. Ndicho alichopigania miaka yote niliyomjua. Na mikono ilipoanza kumgeuka, na binti yake akataka mashine iuzwe na baba ahamie kwake Dodoma, aliendelea kupigania hicho hicho.

Mwanzoni, lazima nikiri, waliomcheka walikuwa na sababu. Mashine ilikuwa inatetemeka vibaya. Kisu kikigusa chuma unasikia krrrr mpaka kwangu, na kitu kinatoka kimekwaruzwa kama kimetafunwa na panya. Alikuja mtu wa Ikola, mwenye boti, ananuka dagaa kutoka kichwani mpaka miguuni, akataka bamba la kufungia injini. Akalisubiri siku nzima. Alipopewa akalipima na lile la zamani, tundu zikakataa kukutana.

"Mzee," akasema, "hiki ni kiti cha injini au cha kinyozi?"

Akalitupa chini mbele ya miguu ya Jirani akaondoka. Mimi nilikuwa mlangoni na debe langu, nikaingia ndani haraka nisionekane. Nilidhani atakasirika avunje kitu. Wapi! Aliliokota lile bamba, akalipigilia msumari ukutani mkabala na mlango, kila anayeingia alione. Nikamuuliza kwa nini unajianika hivyo. Akasema, "Acha linitukane kila asubuhi. Kahawa peke yake hainiamshi." Mtu mwenye majivuno kama yake kufanya jambo lile, mimi sikuelewa, na wala sijui kama nimeelewa hadi leo.

Kuanzia hapo akaanza kuitafuta mashine inapolegea. Alikuwa na saa ndogo ya kupimia, ile yenye mshale mmoja unaocheza kitu kikisogea hata kidogo kiasi cha jicho kutoona. Anaifunga kwenye mashine, anasukuma nguzo kwa kidole gumba, anaangalia mshale. Anasukuma meza, anaangalia mshale. "Inapumulia wapi hii?" ndilo lilikuwa neno lake. Kila palipopumua alipaziba. Nguzo ilikuwa na uwazi ndani, akaijaza mchanga safi wa mtoni uliokaushwa, umechanganywa na gundi kali ile ya pakiti mbili, ikawa nzito na bubu. Ukiigonga zamani ilikuwa inalia kama sufuria, sasa ikawa haitoi sauti.

Zile njia ambazo meza inatelezea alizishughulikia kwa namna iliyonitia wazimu. Alichanganya masizi ya kibatari na mafuta, akapaka kwenye kipande cha jiwe laini kilichobaki kwenye kaunta ya hoteli fulani, akasugua chuma juu yake. Pale penye kilima pananasa weusi. Anapakwaruza kwa tupa aliyoinoa ncha, kidogo mno, halafu anapaka tena, anasugua tena. Wiki zikapita. Nikiingia kuomba moto wa jiko namkuta amepiga magoti, pua imegusa chuma, mashavu meusi.

"Jirani, bado?"

"Bado wembe."

Wembe ndicho kilikuwa kipimo chake cha kusemea. Alikuwa na maneno ya vitabu pia, akitaka, lakini kwa watu wa mtaani alisema nusu wembe, wembe mmoja, nyembe mbili. Na siyo maneno tu. Kichwa cha mashine kilipokuwa kimeinamia upande, alikilegeza akachomeka kipande halisi cha wembe chini yake, akakaza, akazungusha saa yake juu ya meza kona zote, akatoa wembe akaweka kipande cha kopo la soda. Akaridhika. Nilimwambia mke wa mchungaji kwamba jirani yangu ananyoa mashine, tukacheka mpaka tukakaa chini.

Basi nije kwenye kosa lake kubwa, na kosa lenyewe ni la kwetu kabisa, mtu wa Dar asingelifanya. Mashine inahitaji kukalia kitu kisichotikisika. Na mtu wa Mpanda ukimwambia kitu kisichotikisika anafikiria nini? Mninga. Sisi mninga tunauamini kuliko serikali. Milango mninga, vitanda mninga, viti vya kanisani mninga. Jirani akaagiza meza ya mninga, mbao nene, miguu kama ya tembo, watu wakaibeba huku wanalia. Akaifunga mashine juu yake kwa bolti. Ulikuwa ni wakati wa kiangazi. Mashine ikakata vizuri, chuma kinatoka kinang'aa, akawa anapita mtaani na vipande mfukoni anaonyesha watu kama picha za wajukuu.

Mvua zikaanza. Mashine ikarudia ulevi wake. Leo imeinamia huku, kesho kule. Anapima asubuhi iko sawa, jioni imekimbia. Alilaumu umeme. Alilaumu bolti. Mwisho akanilaumu mimi.

"Mama Unga, mashine yako inatikisa mashine yangu."

"Mbona kiangazi haikuitikisa?"

"Kiangazi ulikuwa unasaga kidogo."

"Kidogo! Kiangazi ndiyo mavuno, mzee! Foleni ilifika barabarani, wewe ulikuwa wapi?"

"Basi zima saa za mchana nifanye kazi."

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika, na mengine niliyasema kwa Kipimbwe ili yaume zaidi japo hakuyaelewa. Yeye akajibu kwa Kirundi, akaita "Mana yanje!", Mungu wangu, mikono kichwani. Tukanuniana msimu mzima wa mvua. Ukuta mmoja, hatusalimiani. Iliniuma, nisidanganye. Nilikuwa nimezoea kusikia kikohozi chake asubuhi.

Ni yeye aliyegundua kwamba mbao ndiyo ilikuwa inakunywa unyevu na kujikunja. Mninga, jamani! Ule ule tunaouapia. Aliweka pima maji juu ya meza yenyewe, siyo juu ya mashine, akaona. Kuomba radhi hakuomba, hilo hakuwa nalo mwilini. Alikuja kwenye foleni yangu na ndoo ya mahindi, akasimama nyuma ya akina mama kama mteja yeyote, na zamu yake ilipofika akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Huyu mama mashine yake haina kosa." Halafu akataka nimsagie laini.

Ile meza ya mninga alimpa mtu wa mgahawa. Akachimba sakafu, akafunga nondo, akamwaga zege, na juu yake akalaza bamba nene la chuma alilolisawazisha kwa nyembe zake. Lile zege lilikuwa limeinuka hadi kiunoni na lina urefu wa mtu aliyelala. Watu wakasema amejenga kaburi ndani ya karakana. Kuna mama mmoja aligoma kabisa kuingia, akawa anampitishia vitu dirishani. Jirani akasema vizuri, atakayezikwa humo ni Mbeya.

Na kweli, pale ilikaa. Nilikuwa nasikia tofauti kwa masikio yangu mwenyewe. Ile krrrr ikaisha, ikawa sauti moja tu, nzito, ya kisu kinachokula chuma bila ugomvi. Mashine yenyewe ilibaki ile ile ndogo, na alijua mipaka yake. Mtu akileta chuma kikubwa mno alimfukuza. Lakini alichokipokea kilitoka sawa, na wa Ikola wakarudi na maboti yao, na wa Mwese wakawa wanashuka milimani na pikipiki na vyuma vya mashine za kahawa.

Sasa mtu huyu huyu wa nusu wembe, mlango wa nyumba yake ulikuwa haufungi. Ulikuwa unafungwa kwa kamba. Kiti chake kilikuwa na mguu mfupi na aliweka jiwe. Baiskeli yake haikuwa na breki, alisimama kwa kuburuza soli. Kanisani alifika watu wakiwa wimbo wa pili, kila Jumapili, na akakaa mbele. Nikimwambia, anasema, "Mungu ananijua, chuma hakinijui." Chai aliweka sukari bila kupima mpaka kijiko kinasimama. Mkewe, kabla hajatangulia mbele ya haki, aliwahi kuniambia kwamba angetamani kuzaliwa bolti, labda angeangaliwa.

Kukaza kwenyewe alikuwa na kanuni aliyoirudia mpaka inachosha: usisogeze kitu kimoja kabla hujafunga vingine vyote. Mashine ina miendo mitatu, alisema, kwenda mbele, kwenda upande, kwenda juu. Unapotumia mmoja, ile miwili ifunge kabisa. Ukiiacha wazi ndipo inapocheza. Aliwahi kunitolea hotuba hiyo nikiwa nimekwenda kumpa pole ya msiba.

Kuna siku mteja mmoja alichoka kusubiri, akasema kwa sauti kwamba haya ndiyo matatizo ya kumpa kazi mkimbizi. Karakana ilikuwa na watu. Wote tunajua Jirani alitoka kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi kule Katumba, na wote tunajua uraia wake ni halali kama wetu. Damu ilinichemka. Nilitaka kumrushia yule mtu pumba. Jirani akazima mashine, akafuta mikono.

"Ukimbizi ulikwisha," akasema. "Mimi nimekaa. Nyie ndio mnakimbia, kila siku mko barabarani na vyuma vyenu kwenda Mbeya."

Akamrudishia chuma chake bila kukigusa. Yule bwana aliomba, Jirani akagoma. Baadaye nilimkuta nyuma ya karakana amekaa kwenye kile kiti chake, macho mekundu. Nilikaa naye. Nilimchukia yule mteja kwa dhati ya moyo, na namchukia sasa hivi ninavyoandika.

Kutetemeka kulianza mkono wa kulia. Kikombe kikawa kinagonga kisahani. Akasema ni baridi ya Juni. Ikafika Oktoba, joto la kupasua mawe, kikombe bado kinagonga. Hospitali walimpa dawa na kumwambia ukweli, kwamba ugonjwa huu hauondoki, unapunguzwa tu makali. Yeye akaukasirikia kama alivyoukasirikia mninga. Akawa anafunga kifundo cha mkono kwa mpira wa ndani wa baiskeli akifanya kazi. Binti yake mkubwa akaanza kupiga simu kutoka Dodoma: Baba acha, Baba utajikata, Baba uza. Na siku moja kweli alijikata, kidole kikashonwa. Binti alikuwa na haki, nasema wazi. Ningekuwa mimi ningempigia simu hizo hizo.

Mimi wakati huo nilikuwa narudi kwetu Usevya. Mashine yangu nikahamia nayo huko kwenye mpunga na mahindi ya ndugu zangu. Tukaagana vibaya. Alisema, "Haya, kimbia," nami nikamwambia afunge mdomo.

Msimu huu wa mavuno shafti ya mashine yangu ikakatika, magunia ya watu yamejaa barazani. Nikapata shafti nyingine, ila haikuwa na ule mfereji wa kukalia kipande cha chuma kinachoishikisha na puli. Fundi wa kwetu akaniangalia, akasema nililojua atasema. Mbeya. Nikamwambia Mbeya kamwe, nikapanda basi na shafti yangu mapajani kama mtoto, tukapita hifadhini viboko wamelala, mpaka Mpanda.

Nilikuta binti amekuja. Masanduku mlangoni. Jirani amekaa, amepungua, mikono yote miwili ameikalia chini ya mapaja ili isionekane. Binti akanisalimia vizuri, shikamoo mama, akanipa kiti, akanieleza taratibu kwamba mnunuzi anakuja mchana kuchukua mashine na kesho wao wanaondoka.

Jirani hakumwangalia. Aliangalia shafti.

"Mfereji?"

"Mfereji."

"Iweke."

"Baba," binti akasema, "tumeshakubaliana."

"Umekubaliana wewe. Mimi nilikuwa nakunywa uji." Akanigeukia. "Mama Unga, mimi sitashika kitu. Utazungusha wewe. Mikono yako si mizima?"

Sijawahi kuigusa mashine ile maisha yangu yote. Niliogopa, nikamwambia naogopa, akasema mashine haikuuliza hilo. Nikaibana shafti anavyoniambia. Kaza. Kaza tena. Nikaiwasha. Binti amesimama mlangoni amekunja mikono, uso umefungwa. Nikazungusha mkono wa meza, kisu kikagusa chuma, na papo hapo meza ikaruka na mashine ikapiga ukelele uliosimamisha nywele zangu. Jirani alichomoa mikono akataka kuinuka, ikarukaruka hewani, ikamkatalia, akarudi kitini. Sitaisahau sura yake. Alikuwa anaiangalia mikono yake kama ya mtu mwingine.

"Siyo hivyo!" binti akafoka. "Mama, siyo hivyo, unaenda pamoja na kisu, kitaivuta! Unatakiwa ukiendee kwa mbele! Na umeacha mwendo wa upande wazi, nani kakufundisha!"

Alikuwa ameshafika. Alinisogeza kwa nyonga. Akavua saa yake ya mkononi, akakunja mikono ya blauzi nyeupe ya safari, akazima, akageuza upande wa kuanzia, akafunga miendo miwili mmoja baada ya mwingine bila kuiangalia, kama mtu aliyekulia kwenye hotuba ile ya baba yake. Akaweka kiganja juu ya nguzo, akawasha. Ikatoka ile sauti nzito, moja. Vipande vya chuma vikawa vinamwangukia kwenye viatu vyake vizuri na hakusogeza mguu. Mimi nilirudi nyuma, machozi yananitoka, na wala sikuyafuta.

Alipomaliza akachukua kile kipande cha kukaa kwenye mfereji, akakijaribu. Kikaingia kwa kusukuma na kidole, kikakaa, hakikucheza. Akapitisha kidole gumba kwenye mfereji, mwanzo hadi mwisho. Simu yake ikaita mezani. Alikuwa mnunuzi, yuko njiani, anauliza kama apite na vijana wa kubeba.

"Samahani sana kaka," akasema. "Haiuzwi."

Akakata. Hakumwangalia baba yake, naye hakumwangalia. Akaanza kufuta meza ya mashine kwa tambara, anafuta kwa nguvu, mabega yanatikisika. Jirani alimwacha afute. Kisha akanyoosha shingo, akaangalia kona ya meza karibu na nguzo.

"Hapo," akasema, "umeacha mafuta."